Slaidi za Mwalimu Asiyeona

Mwalimu aliingia dukani kwangu Kibiti na fimbo nyeupe mkononi, kompyuta kwapani. Nilimfahamu kwa mbali. Anafundisha historia sekondari, na macho yalimpotea akiwa mtu mzima, baada ya kuugua. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za watu, kutengeneza kadi za harusi na, kwa wanaohitaji, tovuti.

Nilimwamkia, nikamvutia kiti.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeombwa nikazungumze Mohoro, kwenye mkutano wa kujiandaa na mafuriko. Nataka slaidi. Zenye picha."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumuuliza bila kumkera, akanitangulia.

"Picha si zangu. Ni za wasiosikia. Mimi nitasema, wao wataona. Ila lazima nijue kila slaidi ina nini, nisije nikawa nazungumzia mto huku ukutani kuna bibi harusi wako mmoja."

Tulicheka, kazi ikaanza.

Mimi nimezoea kupamba. Slaidi ya kwanza niliiwekea maji ya bluu, juu yake maandishi meupe membamba. Akaniuliza ukubwa wa herufi, rangi yake, na rangi iliyo nyuma yake. Nilipomjibu akasema, "Aliyekaa nyuma kabisa atasoma?" Nikaweka herufi nene nyeusi juu ya weupe mtupu. Kwenye ramani nilikuwa nimepaka nyekundu sehemu za hatari na kijani sehemu za juu. Akanieleza kuwa wapo watu ambao rangi hizo mbili kwao ni kama moja, basi tukaongeza mistari, na maneno yenyewe: HATARI, SALAMA.

Kisha kila picha niliiandikia maelezo yaliyofichwa ndani yake, ili kompyuta imsomee. Yeye aliisikiliza kwa kasi ambayo kwangu ilikuwa kama mpunga unaomiminwa kwenye debe.

"Umeandika 'mto'," alisema. "Umejaa au umekauka? Kuna watu?"

Nikafuta, nikaandika: mto umefurika, maji yamefika madirishani, kina mama wawili wamebeba magodoro vichwani.

"Magodoro," alisema, akatabasamu. "Hapo sawa. Hata kwetu godoro ndilo lililotangulia kutoka."

Nilikwenda naye Mohoro. Mkutano ulifanyika darasani, madirisha hayana mapazia, na jua lilipiga ukutani moja kwa moja. Picha zilififia, lakini herufi zilisimama. Mbele alikaa fundi cherehani asiyesikia, na dada yake alikuwa akimtafsiria kwa lugha ya alama. Kabla ya kuanza, mwalimu aliomba dada huyo asimame penye mwanga, karibu na slaidi. Kila slaidi ilipotokea, mwalimu alisema kwa maneno kilichopo, kisha akanyamaza. Nilidhani anapumzika. Baadaye aliniambia kuwa yule fundi hawezi kutazama mikono na ukuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo alikuwa akimpa nafasi ya kutazama vyote. Nimehudhuria mikutano mingi, sijawahi kuona mzungumzaji akimsubiri msikilizaji mmoja kwa adabu namna ile.

Wakati wa maswali, fundi alinyoosha mkono. Dada yake akawa anatusemea maneno yake.

"Maji yalipokuja, tangazo lilitolewa kwa kipaza sauti cha msikiti. Kijiji kizima kilisikia. Mimi nilijua niliposhusha miguu kitandani nikakanyaga maji. Nilipotoka, majirani wameshaondoka. Aliyerudi kunichukua ni dada yangu, maji yakiwa yamemfika kifuani."

Hapo sauti ya mtafsiri ilikatika. Ndipo wengi wetu tulipotambua kuwa alikuwa anasimulia habari zake mwenyewe.

"Mbona kimya?" mwalimu aliuliza. Nikamnong'oneza. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akageukia upande ilikokuwa ikitokea sauti ya dada, akamuuliza fundi.

"Kaka yangu, wewe ungetaka tangazo likufikie vipi?"

Fundi alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo alilolifikiria siku nyingi. Alitaka maandishi kwenye simu, maneno machache. Na jirani mmoja ajulikane kabisa kuwa ndiye atakayekuja kumshika bega. Jirani yake mmoja alisimama palepale akakubali.

Tuliporudi, mwalimu na mimi tulitengeneza ukurasa wa matangazo ya mafuriko kwenye tovuti ya kata, unaotuma pia ujumbe kwa waliojiandikisha. Aliujaribu kwa simu yake, nayo ikawa inatamka "kitufe, kitufe, kitufe", kwa sababu vitufe sikuvipa majina. Nikavipa. Fundi akaja Kibiti kurekodi video za alama, amevaa shati la rangi ya maziwa alilolishona kwa kazi hiyo, lisilo na ua hata moja, ili mikono yake ionekane vizuri. Chini ya kila video tukaweka maandishi.

Masika yaliyofuata mto ulianza kupanda, na ujumbe ukatoka. Jioni dada wa fundi alinipigia. Alikuwa amekimbia kwa kaka yake akakuta mlango una kufuli. Fundi na jirani yake walishabeba cherehani, wakaenda zao juu.

"Nimekaa kizingitini nacheka peke yangu," aliniambia. "Watu wananishangaa."

Nilimpelekea mwalimu habari hizo. Aliomba nimrudie tena ile ya kufuli, kisha akanikumbusha kuwa ramani zake za somo la historia bado hazina maelezo, na wanafunzi wake wawili wenye uoni hafifu wanazisubiri. Nikavuta kiti, tukaanza na ya kwanza.