Nakutangulia

Ijumaa ile niliamka nikapika mandazi sitini, na wageni tulikuwa wawili tu. Shoga yangu Rehema alikuwa amepata huruji, karatasi ya kuondoka nchini moja kwa moja, na Jumapili angepanda ndege arudi Tanga kwa binti aliyemwacha akinyonya, ambaye sasa alikuwa darasa la nne. Madam Keiko, bosi wangu pale Riyadh, mke wa mhandisi Mjapani, alisema mtu haagwi hivihivi. Atampa chai ya kwao.

Makombora yalikuwa yameanza kurushwa mjini majuma machache nyuma. Yalidunguliwa angani, vipande vikaanguka popote. Kila Rehema alipotoka mtaani kwake Manfuha kuja kwetu nilihesabu dakika. Tulitaka kitu kimoja tu: Jumapili imkute mzima.

Alifika saa tisa mchana, abaya imejaa vumbi.

"Nafula, iliki hiyo nainusa, ni ya chai?"

"Ni ya mandazi. Chai yenyewe haina iliki, haina sukari, haina maziwa."

"Basi si chai, shoga. Ni dawa ya minyoo."

Madam aliufungua mlango wa chumba kidogo nusu tu, akatuambia tuingie kwa magoti. Zamani kwao, alitueleza, walipigana miaka mia na zaidi, na wapiganaji walikunywa chai hivi hivi. Mlango wa chumba cha chai ulifanywa mdogo ili upanga ubaki nje na kila kichwa kiiname, cha bwana na cha mtwana. Shule ya jioni nilikosoma tulikariri vita vyote, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia watu walipumzika wapi.

Tulikalia visigino. Dakika tano hazijaisha, miguu yangu ilikuwa imekufa, ikazikwa, ikafanyiwa matanga. Madam alipiga unga wa chai wa kijani kwa kibrashi cha mwanzi hadi ukatoa povu, ndani ya bakuli unaloweza kumwogeshea mtoto.

Akamfundisha Rehema, mgeni wa kwanza: kabla hujanywa, mwinamie anayekufuata, umwambie samahani, nakutangulia. Naye huinama kujibu. Kisha zungusha bakuli, upande wake mzuri usiguswe na midomo.

Nikatafsiri. Rehema akaliweka bakuli chini.

"Nakutangulia? Toba! Kwetu anayetangulia anasomewa hitima. Sisemi ng'o!"

Nilicheka hadi nikaanguka ubavu. Madam alipoelewa, akafunika mdomo. "Mwambie ainame tu."

Rehema akaniinamia, nami bado nacheka, akazungusha, akanywa, akakunja uso kama aliyelamba betri. "Mlenda," akasema. "Mlenda mtupu."

Baadaye mimi na yeye tulikuwa twende Manfuha kufunga begi lake. Nikamwomba anisubiri nioshe vyombo.

"Mabakuli matatu, unayaosha kama unaogesha bibi harusi! Niko barabarani natafuta teksi."

Mlangoni akageuka. Akapiga magoti kwa mzaha, na abaya yake yote, akainamisha kichwa.

"Samahani, Madam Nafula. Nakutangulia."

Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nilicheka.

Nilikuwa kwenye bakuli la pili.

Kishindo. Vioo vikatetemeka.

Kisha kingine, karibu.

Madam alinivuta chini ya meza. Nilimwambia aniache. Hakuniacha.

Nilipofika barabarani, watu walikuwa wameshamfunika shuka. Kiatu kimoja kilikuwa nje.

Mimi hukuza mambo, wanaonijua wanajua. Mandazi yale yalikuwa ishirini. Lakini hili silikuzi: kati ya mzaha wake na kishindo sikumaliza bakuli la pili.

Alizikwa Riyadh. Begi lilikwenda Tanga na jirani yake. Madam aliporudi kwao alinipa bakuli lile alilonywea Rehema, nami nikahamia Jeddah, huku Al-Nuzha, kwa familia nyingine. Ndilo ninalonywea chai yangu, ya maziwa, ya iliki, tamu kupita kiasi. Hulizungusha kwanza.

Anayetanguliwa huinama kujibu, alisema Madam. Rehema aliniinamia mara mbili siku ile, na mara zote mbili mimi nilicheka. Sasa huinama kabla ya kila chai. Watoto wa nyumba hii wanadhani naswali.