Nilivyoikosa Helikopta kwa Kujifunika Uso

Wacha nijicheke mwenyewe kabla nyinyi hamjanicheka, maana hapa Kibokoni, Mombasa, hadi leo nikipita barazani kuna wanaoniuliza, "Marehemu, hujambo?"

Miaka ya sitini ilikuwa yaishaisha, ikaletwa helikopta kuonyeshwa watu, ndogo hivi, ya kubebea wagonjwa na mizigo, ina injini mbili (moja ikizimika nyingine yaendelea, hilo nilimwambia kila mtu kana kwamba nimeiunda mimi). Akatakiwa mtu ajifanye mgonjwa, atolewe ndani ya vichochoro vyetu kwa machela, apelekwe uwanjani, arushwe juu ya kisiwa. Mimi, hamali wa magodauni ya Shimanzi, darasa la nne sikulimaliza, nikachaguliwa kwa sababu nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Wiki nzima kwa Omari kinyozi sina hadithi nyingine. "Wewe utaniona kutoka chini," namwambia, "nitakupungia mkono." Omari anyoa tu.

Siku yenyewe nikafungwa bendeji kichwani mpaka chini ya kidevu, mdomo haufunguki, nikafunikwa shuka jeupe hadi shingoni. Walionibeba walikuwa vijana wanne wa bara, watu wazuri. Sasa jua kali, na watoto wananicheka (hapo ndipo akili yangu ndogo ilipofanya kazi), nikalivuta shuka nikajifunika uso.

Nyinyi ni watu wa hapa, mwajua. Wanaume walioketi barazani wakiona shuka jeupe, uso umefunikwa, watu wanne wamebeba, hawaulizi. Huinuka, huvaa viatu, huenda kutia bega wapate thawabu ya mazishi. Nikasikia machela yapanda juu, yaenda mbio bega hadi bega, na wale vijana wa bara wamesukumwa nyuma, wanafuata wakidhani wenyeji wajua njia ya mkato. Watu wakaanza kuleta shahada kwa sauti. Nami ndani ya shuka kifua kimenijaa, kumbe mji mzima waniombea safari njema.

"Ni nani huyu?" mzee mmoja auliza huku ahema.

"Simjui, lakini mzito."

"Wazito ndio wenye thawabu nyingi, bwana. Lete bega."

Nikaona sawa tu, nasifiwa. Kilichonishtua ni mlio wa helikopta, badala ya kukaribia ulikuwa wabaki nyuma. Nikafunua shuka kidogo, nikachungulia, naona mlango wa msikiti. Nikaketi kitako.

Sitawaambia nani aliruka ukuta na nani aliacha kofia. Mimi na machela tulifika chini pamoja. Nikajizoa, nikakimbilia uwanjani na shuka shingoni na bendeji kidevuni, na kila kichochoro nilichoingia kilibaki kitupu. Nilipofika, helikopta ishapaa. Walichoka kungoja, wakamtia mtu aliyekuwa karibu. Omari kinyozi akanipungia mkono.

Tangu siku hiyo nimeapa, uso wangu sijifuniki, hata mbu wakinila, mpaka siku yenyewe. Lakini Omari akianza kunisimulia Mombasa ilivyo kutoka juu, namwacha amalize, kisha namuuliza, wewe wajua utazikwa na watu wangapi? Mimi najua. Nilichungulia. Kichochoro kilijaa mpaka kule mwisho, na wengi wao hata jina langu hawakulijua.