Kigoda cha Mama Gemu

Hebu mchukue huyu mama umweke mbele ya macho yako. Anaingia lango la shule saa nne asubuhi, kavaa gauni lake la heshima na viatu vya kufunika vinavyomuuma kisigino, na kwapani amebana kigoda. Kigoda kweli, cha miguu mitatu, kimesuguliwa na makalio ya watu mpaka kinang'aa kama kipara. Mlinzi akamtazama yeye, akakitazama kigoda.

"Mama, ndani viti vipo."

"Najua, baba. Hiki si cha kukalia."

"Kigoda si cha kukalia? Haya, pita. Leo nitaona mengi."

Akapita. Alikuwa ameitwa kutoa ushahidi, amebanwa kama kidole mlangoni, na alikuwa hajajua bado atasema nini.

Mtaa mzima unamwita Mama Gemu. Mumewe alikuwa fundi redio, naye alijifunza kazi kwa kumshikia taa. Mume alipofariki, redio nazo zikawa zimepitwa na wakati, akabaki na meza ya ufundi, chuma cha kulehemu, na chumba cha mbele kinachotazama barabara. Akanunua runinga moja iliyokufa, akaifufua. Akapata ya pili. Leo zipo nne, kila moja na benchi lake, na vijana wanakuja kucheza gemu, michezo ya kwenye runinga.

Ukimpelekea padi iliyoharibika, kile kidude cha mikononi chenye vitufe, haulizi ina nini. Anaigeuza, anapitisha dole gumba, anakwambia: "Mwenye hii anapenda vita. Kitufe cha kufyatulia kimelika kama sabuni." Na kwa kuwa ninyi wasomaji wangu mtauliza, nami niliuliza: padi zinazopigwa ukutani kwa hasira ni za vita? Akacheka. "Za mpira, mwanangu. Mtu akifungwa bao dakika ya mwisho ndipo utamjua." Ana kijana mmoja anayecheza ile michezo ya damu mpaka wewe ukiangalia unafumba macho, na akitoka hapo anakwenda kulisha njiwa wake, anaongea nao kama wajukuu. Ana mwingine wa magari tu, naye hamalizi wiki bila kumtia mtu ngeu.

Kwa hiyo akajiwekea sheria moja. Ukishindwa ukapandwa na hasira, hutoki. Unakaa kwenye kigoda kando ya meza yake, na huinuki mpaka umtajie vitu vitatu ulivyoviona njiani ulipokuwa unakuja. Basi. Si rahisi kama unavyodhani. Kichwa kikiwa kimechemka hukumbuki hata umepita barabara gani. Vijana walimtania, walikiita kigoda kile "hospitali". "Mama, mlaze huyu hospitali, homa imepanda." Lakini walikaa. Hata marehemu mumewe, akizidiwa na redio korofi, alikuwa anaweka bisibisi chini anakaa hapohapo, anasimulia mambo ya barabarani mpaka apoe.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja wa miaka kumi na minne, mtoto wa jirani yake fundi cherehani. Walimwita Kobe, kwa sababu akiudhika hasemi. Anavuta shingo ndani ya kola mpaka unaona masikio tu. Jumamosi moja aliingia shingo ikiwa imeshazama. Akacheza vita saa nzima, akafa mara nyingi kuliko kawaida yake, akainuka.

Mama Gemu alikuwa ameinamia padi, chuma cha moto mkononi, waya mwembamba kama unywele unangoja kushikwa. Aliyaona yale masikio.

"Kobe, kaa."

"Nachelewa mazoezi, Mama."

Akautazama ule waya. Ukiondoa mkono wakati ule kazi inaanza upya.

"Haya, nenda."

Maneno mawili. Haikupita nusu saa, kiwanjani mwenzake mmoja akamcheka viatu, na Kobe akavua kiatu kimoja, njumu ya mpira, akampiga nacho mdomoni. Meno mawili ya mbele. Aliyepigwa ni mtoto wa mkata vioo, ambaye duka lake linatazamana na mlango wa Mama Gemu, uso kwa uso.

Kamati ya wazazi ikaitisha kikao, na Mama Gemu akaitwa awe shahidi. Usiku wa kuamkia kikao haukuwa na kisa. Kisa kilikuwa jioni iliyoutangulia, mama yake Kobe, yule fundi cherehani, alipoingia na futi ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni.

"Dada, nimekuja kukuomba neno moja tu."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Kesho useme ni gemu."

Mama Gemu akaweka chuma cha kulehemu chini.

"Nisikilize. Ukisema ni gemu, watasema mtoto kaharibiwa, na kilichoharibiwa hutengenezwa. Ukisema si gemu, watasema kazaliwa hivyo. Watamfukuza, na shule nyingine ikisoma barua yake itafunga mlango. Wewe una mikono, dada, utatengeneza hata pasi za watu. Yeye ana shule hii tu."

"Na kama sijui ni gemu au si gemu?"

"Nani anajua? Mimi niliyemzaa sijui. Lakini kesho wataandika kitu."

Ndipo akawaza kupeleka kigoda. Alidhani wakikiona, wakasikia kazi yake, wataelewa kwamba jambo lenyewe halina ndiyo wala hapana.

Basi turudi ofisini. Meza ndefu, madaftari, feni inayozunguka bila kupuliza. Mwenyekiti wa kamati ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa mistari iliyonyooka. Mkata vioo ameketi upande mmoja, mikono kifuani. Fundi cherehani upande wa pili, macho chini. Kobe hakuwepo, amewekwa nje chini ya dirisha, na kila neno anasikia.

"Mama," mwenyekiti akasema, "swali ni dogo. Kijana huyu alitoka kwako akaenda kumvunja mwenzake meno. Michezo ya kuuana uliyonayo ndiyo iliyomfanya vile? Ndiyo, au hapana?"

"Mwenyekiti, aliingia kwangu na moto, akatoka na moto. Kama chumba changu kiliuongeza au kiliutunza tu, sijui."

"Hilo si jibu."

"Ninao wengine wanaocheza hiyohiyo, hawajamgusa hata kuku."

"Kwa hiyo hapana," akasema mkata vioo. "Mtoto ndiye mbaya. Tuandike hivyo, twende."

Futi ya fundi cherehani ilikuwa imeviringishwa kidoleni mpaka kidole kimekuwa cheupe. Mama Gemu aliiona. Aliona pia vumbi la dirishani na kivuli cha kichwa cha kijana, shingo haipo.

Akaweka kigoda juu ya meza.

"Ninacho hiki. Mtu akipandwa anakaa hapa mpaka apoe. Ni sheria yangu. Jumamosi ile nilimwona, nikamwambia kaa, akasema anachelewa, nikamwachia. Nilikuwa na kazi mkononi. Hilo nalijua. Mengine siyajui."

Mwenyekiti akakigeuza kigoda, akakikagua miguu kama anatafuta jiwe la mpaka.

"Kwa maneno mengine, mama, unajua kwamba wanatoka kwako wakiwa hatari, mpaka umewawekea kigoda."

"Sikusema hivyo."

"Umekileta mwenyewe."

Akaandika, na alichoandika ni neno moja: amekiri. Kweli uliyoibeba kwapani kwa nia njema, wenzio wakaishika kwa upande wenye ncha. Ikaamuliwa Kobe akae nyumbani wiki mbili kisha arudi darasani, maana mtoto kaharibiwa. Na Mama Gemu akatia sahihi karatasi ya kubandikwa mlangoni pake, kwamba mwanafunzi yeyote asionekane ndani ya chumba chake. Akionekana hata mmoja, chumba kifungwe kabisa. Nani ataangalia? Mkata vioo akasema, "Mimi nipo pale kutwa."

Alirudi na kigoda chake. Mlinzi langoni hakumtania tena.

Tangu siku hiyo wanakuja watu wazima wachache, wanacheza mpira, wanatukanana kiungwana, wanaondoka. Runinga tatu zimefunikwa vitambaa. Yeye yuko mezani pake, anatengeneza pasi na taa, na kila akiinua kichwa anakutana na macho ya ng'ambo, nyuma ya vioo vilivyosimamishwa safu, vinavyomrudishia mlango wake mwenyewe mara sita. Fundi cherehani hakuja kushukuru kwa mdomo. Alileta pazia la mlango, zito, la kitambaa kilichobaki cha sare za shule. "Dada, japo upumzike na yale macho." Akalitundika mwenyewe. Likaziba macho, na upepo nao likauziba.

Juzi mchana, jua limesimama katikati, alisikia mtu anahema nje ya pazia. Chini yake akaona viatu vya shule.

"Mama."

"Kobe, hujasoma karatasi hapo mlangoni?"

"Nimeisoma. Sichezi. Nataka kukaa tu."

"Kukaa wapi?"

"Hospitali."

Mama Gemu akaweka bisibisi chini. Kigoda kilikuwa palepale kando ya mguu wake.

"Nini kimetokea, mwanangu?"

Ikaja sauti ndogo, kama inatoka ndani ya kola: "Darasani wananiita Aliyeharibika. Hata mwalimu leo amecheka. Natakiwa nirudi saa nane." Viatu vikasogea hatua moja. "Nimeona mbwa kalala chini ya toroli. Nimeona mama kafungua dirisha la chumba cha cherehani."

"Mbili hizo."

"Eeh."

"Cha tatu?"

Hakijaja. Viatu vinabadilishana uzito, kushoto, kulia. Ng'ambo ya barabara, kisu cha kukatia vioo kilichokuwa kinalia kimenyamaza, na mtu akikaa mtaa huu miaka anajua maana yake: mkata vioo ameinua kichwa.

Mama Gemu ameshika ukingo wa pazia. Mkono huo nimeuona ukishika waya mwembamba kuliko uzi wa pazia hilo. Akilifungua, chumba kimekwisha. Asipolifungua, ni yale maneno mawili ya Jumamosi ile anayasema mara ya pili.

Ungekuwa wewe, ungelivuta pazia, au ungengoja kwanza hicho cha tatu?