Siku Baba Alipojirushia Kitambaa cha Njano

Kila nikishuka kwenye ndege Juba, kabla joto halijanikumbatia, harufu ya mafuta ya ndege hunipokea pale pale kwenye ngazi. Abiria wenzangu huziba pua. Mimi huivuta mpaka ndani, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya kitambaa cha njano cha baba, na nikiisikia tu nakuwa tena mtoto wa mtaa wa Sherikat mwenye magoti ya vumbi, asiyeelewa lolote linaloendelea.

Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege. Sisi tulitoka Kitale kumfuata, na mama akafungua kibanda cha chai na chapati karibu na pale malori ya kutoka Uganda yanapopumzika. Kizibao cha njano cha kazi cha baba kilipochakaa, mama alikata kipande cha ukubwa wa leso, akafunga maharagwe kwenye pembe moja ili kikirushwa kifike mbali. Kilifuliwa kwa kila aina ya sabuni na harufu ya mafuta haikutoka. Kitambaa hicho ndicho kilichomfanya baba awe mtu maarufu kwa Jumapili kadhaa, na ndicho hicho kilichonifanya nimnunie hadi mama akanitisha kwa mwiko.

Mchezo wenyewe uliletwa na Kocha Wani. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akapelekwa Amerika, akakaa huko hadi baridi ikamshinda, akarudi nyumbani na begi la mipira iliyochongoka pande zote mbili. Tulidhani imeharibikia njiani. Akatuambia kwamba hiyo ndiyo mipira ya Wamarekani, ila sisi watoto tusingeangushana kama wanavyofanya wao. Kila mmoja angefunga mkanda wenye vitepe viwili vyekundu, kimoja kila upande wa kiuno. Ukikimbia na mpira, mwenzako akakuchomoa kitepe, umekamatwa na mbio zinaishia hapo. Ukifika mstari wa mwisho na vitepe vyako vyote, hizo ni pointi. Hayo tu ndiyo niliyoyashika. Mengine yalinipita juu kwa juu: kwa nini tulisimama kila mara kama watu waliosahau kitu nyumbani, na kwa nini mchezo uliitwa futiboli na ukiupiga mpira teke unagombezwa.

Mwamuzi akawa baba, kwa sababu ni yeye peke yake kati ya watu wazima aliyekuwa na subira ya kumsikiliza Kocha hadi mwisho wa maelezo. Na kulikuwa na desturi moja ya ajabu katika uamuzi huo. Mchezaji akikosa, baba alirusha kitambaa chini, akapuliza filimbi, akateta na msaidizi wake, kijana mmoja wa bodaboda, kisha akavua kofia, akawageukia watazamaji na kutangaza kwa sauti: namba fulani, amefanya hivi. Watu wa Sherikat waliupenda utangazaji huo kuliko mchezo wenyewe. Wanawake waliacha kusuka nywele ili wasikie. "Namba saba, kumvuta mwenzake shati!" Basi namba saba huyo angetaniwa kisimani wiki nzima.

Jumapili ninayoikumbuka, watoto wa Bandarini walivuka daraja kuja kucheza nasi. Wazazi wao walikuwa watu wa majahazi ya chuma yanayoteremka na mto kwenda kaskazini, na wauza samaki, na wote walikuja nao wakiwa wamejaa kwenye magari ya mizigo. Tulikuwa sare, jua limekwisha kulegea, nikapewa mpira. Sikuwa mchezaji mzuri. Nilipewa kwa sababu wengine wote walikuwa wamezingirwa. Nikakimbia nimefumba macho nusu, nasikia kelele upande huu na upande ule, na nilipoyafumbua vizuri nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mstari wa chokaa, na Sherikat yote inaruka.

Nyuma yangu alikuwa amesimama msichana mwembamba wa Bandarini, Keji, amenyoosha mkono juu na kitepe changu. Alikuwa anapiga kelele kwamba amenichomoa zamani, kule kwenye mtungi wa maji uliowekwa kando ya uwanja. Mimi sikuhisi kitu. Baba akamwita kijana wa bodaboda, wakateta, na kumbe wote wawili walikuwa wakiwatazama wavulana wawili waliokuwa wakisukumana upande wa pili. Baba akavua kofia. Akatangaza kwamba kitepe kilianguka chenyewe baada ya mstari, na msichana amekiokota. Pointi zikawa za Sherikat, na mchezo ukaishia hapo.

Jamani, nilifurahi! Madereva wa malori waliokuja kunywa chai kwa mama wakaanza kuniita Ndege. Mimi, niliyekuwa najulikana kwa kuunguza chapati tu, nikawa na jina. Keji naye alipata lake. Wenzake walimwita kadab, yaani mwongo, tangu wanapanda gari hadi wanashuka bandarini, na ikaendelea hivyo hata ndani ya nyumba yao, maana binamu zake ndio waliokuwa timu yake. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule sikumfikiria Keji hata kidogo.

Katikati ya wiki Kocha Wani alikuja kibandani na simu yake. Alikuwa amerekodi mchezo ili awatumie rafiki zake wa Amerika. Mama alikuwa anasukuma chapati pembeni na ndiye aliyenisimulia. Baba alitazama mbio zangu mara ya kwanza akicheka, mara ya pili akaisogeza simu karibu na macho. Keji alinichomoa kitepe pale pale aliposema, kwenye mtungi wa maji, mbali kabisa na mstari.

Kocha akacheka. "Aah, baba Nafula, hata kule kwetu Amerika marefa hukosea. Wakubwa wao wanatoa taarifa, ati samahani, tulikosea. Lakini pointi zinabaki tu. Wewe wachana nayo. Hawa ni watoto, na hii video tumeiona mimi na wewe."

Mama naye akasema wachana nayo. Chai ya baba ikapoa mbele yake.

Jumapili iliyofuata, kabla mchezo haujaanza, baba aliingia katikati ya uwanja peke yake. Akapuliza filimbi, akatoa kitambaa cha njano, akakirusha kwenye miguu yake mwenyewe. Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anacheza, sasa aliyekosa ni nani? Mimi nilijitazama shati, nikafikiri labda nimevaa vibaya. Baba akavua kofia.

"Mwamuzi," akatangaza, kwa sauti ile ile ya namba saba. "Jumapili iliyopita alitoa pointi zisizo halali. Nafula alikuwa amekamatwa. Keji wa Bandarini alisema kweli, na mwamuzi hakuwa ametazama. Kosa ni la mwamuzi."

Nilitamani ardhi inimeze. Alilitaja jina langu! Hakusema namba, alisema Nafula. Baba yangu mzazi alikuwa amenivua Undege mbele ya watu wote walionipa jina hilo, na kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye hata hakuwepo, maana siku hiyo Bandarini hawakuja. Watazamaji nao walichanganyikiwa. Wengine wakapiga makofi, wengine wakauliza kama pointi sasa zinarudishwa. Kocha Wani akasema hapana, pointi zinabaki, mchezo ukiisha umeisha. Hapo ndipo kila mtu akapotea kabisa. Mtu anasema amekosa, halafu hakuna kinachorudi? Sasa amesema ya nini?

Lazima mfahamu jinsi mambo yalivyokwenda kwetu. Kwa makosa madogo kulikuwa na malesh, yaani samahani. Umemkanyaga mtu sokoni, malesh, mnaendelea na safari. Lakini kusimama mbele ya umma na kusema kosa ni langu, hilo lilikuwa jambo jingine. Baada ya maneno kama hayo watu wa upande wa pili huja kwako, wanapewa viti na chai, na mnazungumza utatoa nini. Hata bodaboda zikigongana ilikuwa hivyo. Baba alikuwa amekaa Juba miaka kadhaa lakini hilo halikumjia akilini hata kidogo. Alidhani ametangaza tu, akaweka kofia kichwani, yakaisha.

Mama Keji alifika siku ya pili asubuhi akiwa na kaka yake. Alikuwa muuza samaki wa kukausha, mwanamke mpana, mwenye Kiswahili alichokichukua ukimbizini Uganda. Mama aliwapa viti, akawapa chai, na macho yake hayakubanduka kwa mbuzi wetu aliyefungwa nyuma ya kibanda. Ndiye mbuzi pekee tuliyekuwa naye.

"Watu naniambia wewe nasimama kwa uwanja, nasema wewe nakosea mtoto yangu," akasema Mama Keji. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," akajibu baba.

"Kalas, hiyo nakwisha. Basi tuongee."

Baba akaanza kueleza mambo ya Amerika, jinsi pointi zinavyobaki. Yule kaka akanywa chai yake kwa utulivu wote, kama vile anasikiliza redio ya lugha ngeni. Mama akashindwa kuvumilia, akauliza kwa sauti ndogo kama wanamtaka mbuzi.

Mama Keji akamtazama kama aliyetukanwa. "Mbuzi? Mbuzi nakula, nakwisha. Mimi nataka huyu kuja kwa sisi, sema hiyo maneno pale. Wale iko naita mtoto yangu kadab, hawakukuwa kwa uwanja yenu jana."

Tukaenda jioni hiyo hiyo, baba akiwa bado na kizibao cha kazini, mimi nikiburutwa kwa mkono na mdomo nimeuvuta. Nyuma ya bandari wanawake walikuwa wanageuza samaki kwenye mikeka, na binamu zake Keji walikuwa wamekaa juu ya magunia. Keji alisimama kando ya mama yake, bila kututazama. Baba akatoa kitambaa, akakirusha miguuni pake, kwenye magamba ya samaki. Akavua kofia. Akayasema yote upya, neno kwa neno. Kisha akaongeza jambo ambalo uwanjani hakulisema: "Nilimwona mtoto huyu anapiga kelele na kitepe mkononi, na sikumuuliza hata swali moja."

Hakuna aliyepiga makofi. Keji alianza kulia, kilio kikubwa cha mtu aliyekuwa amekizuia siku nyingi, na mimi sikuelewa kwa nini analia wakati ndiye ameshinda. Mama Keji akafunga samaki wawili wakubwa kwenye gazeti, akampa baba. Tulivuka daraja kurudi tukiwa na samaki. Mama alipotuona akatua mwiko chini, akauliza ni nani hasa aliyemlipa nani, na mpaka leo hajapewa jibu.

Njiani nilimuuliza baba, "Sasa aliyeshinda ni nani?"

"Mlishinda ninyi."

"Na Keji?"

"Keji alikukamata."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili," akasema, akahamishia samaki mkono wa pili. Nilimwona mtu mzima aliyechanganyikiwa kuliko mimi, nikaendelea kununa hadi nyumbani.

Miaka imepita, na nimeona wakubwa wengi ofisini wakitoa taarifa kwamba makosa yalitokea, kana kwamba makosa ni mvua. Sijaona anayekwenda mpaka nyumbani kwa aliyekosewa. Wakati ule nilidhani baba amenipokonya kitu changu ili ampe mtoto wa watu. Pointi tulibaki nazo, hakuna aliyezigusa. Alichokirudisha kilikuwa cha Keji tangu mwanzo, kuaminiwa kwake, na ni baba aliyekuwa amekichukua, kwa filimbi yake na kofia mkononi, mbele ya watu. Ndiyo maana ilibidi akirudishe mbele ya watu.

Siku hizi nikija Juba ni Keji, rafiki yangu tangu kununa kule kulipoisha, anayekuja kunipokea. Husimama mlangoni mwa wanaowasili, katikati ya wapagazi na madereva wa teksi, na kabla hata ya salamu hunipiga kofi jepesi kiunoni, upande wa kushoto, pale kitepe kilipokuwa. Kisha hunitazama, anangoja. Nami huweka mizigo chini, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kule kwenye mizani:

"Ulinikamata. Kwenye mtungi wa maji."