Matanga ya Mama wa Kisiwani

Karani wa ofisi ya shamba ndiye aliyeleta habari kwamba fundi mpya wa mashini ni Mhindi wa Magharibi. Ndivyo alivyosoma kwenye barua ya meneja, na ndivyo habari ilivyoenea laini nzima ya nyumba za wafanyakazi. Mume wangu, aliyekuwa msaidizi kwenye kiwanda cha kuchana mkonge, akajiandaa kufanya kazi chini ya Mhindi. Siku ilipofika, akashuka kwenye lori mtu mweusi kuliko sisi sote, mrefu, kichwani ana kofia ya baharia. Jioni mume wangu aliingia ndani, akavua viatu, akaniambia kwamba yule Mhindi anafanana na mjomba wangu.

Shamba letu lilikuwa upande wa mashariki wa Thika, mahali ambapo udongo mwekundu huisha na nchi huanza kuwa kavu. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi, Wabunyore na Wamaragoli na Waluo wachache. Tulikuja kwa gari la moshi kushika kazi miaka ile ya hali ya hatari, Wakikuyu wengi walipokwisha kuondolewa mashambani. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja hapo, na mimba ya kwanza.

Meneja hakujua amweke wapi fundi wake. Nyumba za Wazungu hazikuwa za mtu wa rangi yake. Mafundi wa Kihindi walikuwa na nyumba zao na hawakumtaka. Laini zetu za chumba kimoja kimoja nazo zilionekana hazimfai mtu mwenye pasipoti. Mwishowe walitoa magunia kwenye stoo ya saruji mwishoni mwa safu yetu, wakaipaka chokaa, akaingia humo. Kwa hivyo mlango wa jiko lake ukawa unatazamana na mlango wangu.

Alikuwa jirani mtulivu. Alifua nguo zake mwenyewe, jambo lililowafanya wanawake wamwonee huruma kwanza, kisha wamheshimu. Jumapili, sisi tukitoka ibadani, alitoa meza nje akacheza domino na mume wangu. Alikipiga kila kipande mezani kwa nguvu hadi kuku wangu wakakimbia. Kiswahili chake alikuwa amekiokota Mombasa na katika karakana ya jeshi wakati wa vita, kwa hivyo kilikuwa cha kuamuru zaidi kuliko cha kuzungumza. Tulichojua ni kwamba aliwahi kutia makaa kwenye meli, kwamba kwao ni kisiwa kidogo katika bahari ya Karibi, kwenye visiwa ambavyo Waingereza huviita India ya Magharibi, mbali sana, ng'ambo ya Afrika yote na bahari nyingine tena, na kwamba hajafika huko tangu kabla ya vita. Ukimuuliza zaidi alicheka tu, akachanganya domino upya.

Barua ilikuja siku ya kazi. Karani alimpelekea kiwandani, naye akaisoma amesimama karibu na mashini inayounguruma, akaikunja, akaitia mfukoni na kuendelea kukaza boliti. Mume wangu alimwuliza kama kuna habari njema. Akajibu kwamba mama yake amefariki, halafu akamwomba spana.

Mume wangu alinieleza hayo akila, nami nikaacha chakula changu. Nilijifunga leso, nikavuka ule uwanja mdogo, nikapiga hodi. Alikuwa anachemsha chai. Nilimpa pole. Alinishukuru, akanionyesha tarehe iliyoandikwa juu ya barua kama vile ingenieleza kitu. Dada yake ndiye aliyeandika. Mama alikuwa ameshazikwa miezi miwili iliyopita.

"Hapana kitu ya kufanya, mama," akasema. "Kwisha zamani."

Nilirudi nyumbani lakini maneno yale hayakunitoka. Kwetu mtu hafiwi peke yake. Hata mtu asiyependwa, akifiwa, watu wanakuja kuketi kwake, nyasi za ua wake zinakanyagwa, na anayepita njiani anajua kwamba hapa pana msiba. Kwa huyu, kesho yake asubuhi, moshi wa jikoni ulitoka kama kawaida naye akaenda kazini.

Niliongea na wanawake tulipokutana bombani. Wengine waliona ni sawa tumwendee, wengine wakauliza tutamlilia vipi mtu tusiyemjua, hatuna maiti, hatuna kaburi, hatujui hata kama alimwamini Mungu. Mama mmoja mzee, mama mzazi wa nyapara wetu, alisikiliza huku akijaza ndoo yake. Mume wangu alisema tuulize kaka yake, ambaye alifanya kazi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru na alikuwa mzee wa kanisa. Tulimtumia habari kwa dereva wa lori. Jibu lilirudi kwa dereva yuleyule: aliyefiwa amefiwa, na yeye mwenyewe atakuja Jumapili akipata pasi ya kusafiri.

Ilibaki ruhusa. Siku zile watu wengi hawakuruhusiwa kukusanyika bila kibali, hata kwa maombi. Mume wangu na nyapara walikwenda ofisini wakasimama kofia mkononi. Meneja aliwauliza mara mbili ni nani aliyekufa. Alipoelewa, akasema hakujua kwamba fundi amefiwa. Alitupa muda wa saa mbili, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kuimba ruhusa, kupiga mayowe hapana, na askari awepo.

Kumwambia mwenyewe ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha. Nilikwenda Jumamosi. Nilimweleza kwamba kesho watu watakuja kumpa pole, kwamba ni desturi yetu, kwamba asijisumbue na chakula. Uso wake ulibadilika. Alisema hakuomba watu. Alisema mama yake si kitu cha kutazamwa. Halafu alifunga mlango, si kwa nguvu, lakini aliufunga, nami nikabaki pale nje na aibu yangu.

Nilimwambia mume wangu tuache. Akasema unga umeshachangwa, majani ya chai yameshanunuliwa, kaka yuko njiani. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiona msichana wa ushamba aliyeingilia mambo ya watu.

Jumapili walikuja kama watu thelathini. Shemeji yangu alifika kutoka Ruiru na vumbi hadi kwenye nyusi, maana alikuwa ametembea kutoka Thika mjini. Wanawake waliketi chini, wanaume wakasimama kando ya ukuta. Askari alisimama chini ya kivuli cha paa, bunduki begani. Mlango wa fundi ulikuwa umefungwa. Shemeji hakubisha. Alianza wimbo wa kanisani kwa Kinyore, sisi tukaitikia, na tulipoumaliza tukaanza mwingine. Nilikuwa natazama ule mlango tu.

Wakati wa wimbo wa tatu mama mzee alijaribu kukaa chini, magoti yakakataa. Aliinama nusu, akashika ukuta, akabaki hivyo. Mlango ukafunguka. Fundi akatoka na kiti, akamwekea, akamshika mkono mpaka akakaa vizuri. Kisha akarudi ndani akaleta kiti kingine, na sanduku, na ndoo akaigeuza kichwa chini, vyote alivyokuwa navyo vya kukalia. Vilipokwisha alibaki amesimama katikati yetu, hana mahali pa kwenda.

Shemeji alimpa mkono. Alimwambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba hatumjui mama yake, na kwamba hilo ndilo linalotutatiza, kwa sababu kwetu marehemu husimuliwa. Kama hakuna wa kumsimulia, tunaimba bure.

"Tuambie alikuwa mtu gani," akasema.

Fundi alitazama chini. Mtoto wa mtu alianza kulia, akabembelezwa, akanyamaza. Mwishowe akauliza tunataka kujua nini.

Mama mzee ndiye aliyejibu kutoka kitini. "Alikuwa anapika nini?"

Nadhani hakutegemea swali hilo. Alisema mama yake alipika unga wa mahindi. Alionyesha kwa mikono jinsi alivyosonga, mwiko mkubwa, sufuria imeshikwa kwa miguu. Wanawake wakatazamana. Alisema waliweka ndani yake bamia, na kwa kuwa hatukujua bamia, alieleza ni kitu cha kijani kinachoteleza, kinavutika kama uzi. Basi hapo pakatokea kelele ndogo, kwa maana kila mtu alisema ni mrenda, mboga yetu ya kuteleza. Mama mzee akawageukia wengine akawaambia kwamba huyo mama alikuwa mtu wa kawaida tu. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Baada ya hapo maswali hayakukatika. Mume wangu alimsaidia pale Kiswahili kilipomwishia, maana kiwandani walikuwa wamejitengenezea lugha yao. Alituambia kwamba kisiwani hakuna mto hata mmoja. Watu wanakunywa maji ya mvua kutoka kwenye paa, yanakwenda kwenye shimo la saruji, na mtu akiyamwaga ovyo anapigwa. Wanawake wetu, waliozoea mito ya Chania na Thika na mifereji ya mashamba, hawakuamini. Alituambia mama yake alifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari yanaachwa kwenye jua mpaka yanakauka, na wanawake wanaingia na kuikusanya chumvi, na inawala miguu. Watoto wanne alilea kwa chumvi hiyo. Baba alikwenda kisiwa kingine kukata miwa na hakurudi.

Shemeji aliuliza alipumzika lini.

Jumapili, akasema. Alfajiri, kabla ya kanisa, wanawake wote wakubwa wa kijiji walivaa nguo zao kuukuu wakaingia baharini, si kuogelea, bali kusimama tu, maji yakifika shingoni, na kuongea. Waliongea saa nzima, vichwa tu vikionekana juu ya maji. Mambo yote ya kisiwa yaliamuliwa humo: nani ataolewa na nani, nani amegombana na mchungaji. Watoto walikatazwa kusogea. Yeye na dada yake walikaa ufukweni wakilinda viatu, wakisikia kicheko cha mama yao, ambacho siku za kazi hakikusikika kabisa. Halafu walitoka, wakavaa kofia zao za kanisani wakiwa bado na chumvi masikioni.

Alipofika hapo, machozi yalianza kumtoka. Hakuyafuta. Aliendelea kueleza, juu ya mashindano ya mashua siku za sikukuu, juu ya jinsi watu walivyokaa kwenye ngazi za nyumba zao jioni na kusalimiana na kila anayepita, na sauti yake haikubadilika, ila maji tu yalitiririka. Wanawake wakaanza kulia pia, taratibu, kwa kuwa mayowe yalikatazwa. Mimi nililia sana. Sijui kama nilimlilia yule mama au mama yangu mwenyewe niliyemwacha Bunyore.

Saa mbili zilikwisha. Tulijua kwa sababu askari alikuja mbele na kutazama saa yake. Watu wakaanza kuinuka. Lakini askari, aliyekuwa Mkamba wa umri wa mume wangu, alisimama pale akimtazama fundi, akamwuliza kama mtu anaweza kuzunguka kisiwa chote kwa miguu siku moja.

"Unaanza asubuhi," fundi akamjibu, "unakula chakula ya mchana nyumbani."

Askari alitikisa kichwa. Alisema tunaweza kumaliza chai.

Tuliimaliza. Shemeji aliomba kwa kifupi, akampa tena mkono, akaondoka mapema ili awahi Ruiru kabla ya saa za kutotembea. Fundi alisaidia kuosha vikombe. Hakuniambia asante, na mimi sikumwomba radhi, lakini jioni ile aliacha mlango wake wazi.

Alimwandikia dada yake barua ndefu. Nilijua kwa kuwa alikuja kuniuliza majina ya nyimbo na ya vyakula, na namna ya kuandika Bunyore. Jibu lilichukua miezi. Mtoto wangu alikuwa ameshazaliwa na anakaa. Dada aliandika kwamba barua ilisomwa mbele ya watu wote kanisani kwao, na kwamba mchungaji anataka kujua ni kanisa gani la Kenya lililofanya ibada hiyo, ili walipelekee shukrani. Fundi alisubiri mpaka siku shemeji alipokuja kututembelea, akamwuliza aandike nini, maana haikuwa ibada ya kanisa lolote.

Shemeji alifikiri huku akimshika mtoto. "Waandikie ni majirani," akasema.

Akaandika hivyo. Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye reli, akahamia Mombasa, na ile nyumba ya saruji akapewa fundi mwingine. Sisi tulihamia Ruiru, kwenye kahawa, mume wangu alipopata kazi karibu na kaka yake. Fundi alituandikia mara moja, kadi ya Krismasi. Alisema nyumba yake mpya iko karibu na maji, na kwamba Jumapili asubuhi anaingia mpaka shingoni, ingawa hana wa kuongea naye.