Halima na Ile Session Iliyoachwa Wazi

Bado akili yangu inakataa, jamani. Jana baada ya alasiri tulimzika Halima wetu hapa Garissa, na tangu nirudi nyumbani nalia na kucheka kwa zamu.

Kucheka, ndiyo. Ngojeni niwaeleze.

Miaka ya tisini mimi Mwende, msichana wa Kitui, nililetwa hapa na shirika moja la misaada niwe mwendesha redio. Wiki ya kwanza joto lilitaka kuniua. Halima, fundi wa karakana yetu, akanishika mkono: "Bole, abaayo. Utazoea. Na usibozoea, utazeeka hapa hapa."

Kwake P ilikuwa B, volti zilikuwa folti, na mimi nilikuwa abaayo, yaani dada kwa Kisomali. Ukimcheka anakuuliza Kisomali chako kimefika wapi.

Alikuwa akipima betri za redio za kambini Dadaab. Power supply yake ilikuwa kisanduku kimoja chenye moduli nne, kila moduli inatoa umeme wake. Hakikuwa na kitufe hata kimoja cha kuzungusha, amri zote zilitoka kwenye kompyuta kupitia driver, yaani programu ndogo ya kuongea nacho.

Sheria ya Halima: ukitaka kukitumia, programu yako inafungua session, yaani zamu yako ya kukishika. Ukimaliza, unaifunga mwenyewe. Ukiondoka bila kuifunga, kisanduku kinabaki kimeshikiliwa na mtu ambaye hayupo, na anayekuja nyuma yako anapata error tu.

"Nani ameacha session wazi?" Wallahi sauti ile ilifika getini. Mlinzi naye alikuwa anajibu, "Si mimi, mama!"

Basi ikaja ile mvua kubwa iliyokata barabara. Kioko, mume wangu, enzi hizo mchumba tu, alikuwa fundi mwenzake Halima. Asubuhi walipima betri pamoja, kisha Kioko akaondoka na gari kwenda Habaswein kutengeneza mtambo.

Mchana chaja ya redio yangu ikaungua. Betri yake ilikuwa inaishia, kwa hiyo kabla haijazimika Halima akaunganisha redio kwenye moduli ya tatu, iliyokuwa bado inatoa umeme tangu asubuhi, ikaendelea kuwaka. Tukapongezana.

Muda si muda nikaitwa kutoka Habaswein: laga, ule mto wa msimu ulio mbele ya Modogashe, imefurika, lori limeshasombwa, mwambieni Kioko asivuke, sisi hatumpati hewani.

Nikabonyeza kumwita. Taa za redio zikafifia karibu kuzimika, nikaachia upesi. Moduli ilikuwa bado na kikomo kidogo cha umeme kilichowekwa kwa ajili ya kupima betri. Kusikia tungesikia, ila kusema hatungeweza.

Na hapo hapo Kioko akaingia hewani. "Garissa, naona maji mbele lakini lori lilipita juzi. Kama hamnijibu, nangoja kidogo halafu navuka. Over."

Mungu wangu! Mtu wangu anaongea nami na siwezi kumjibu.

Halima akarukia kompyuta. Error. Kuna session ya asubuhi iliyoachwa wazi, na programu yenyewe imeganda.

Nikamwambia azime kila kitu aanze upya. Akanipigia kelele: "Usiguse!" Betri ya kumbukumbu ya ile redio ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, redio inasahau masafa yote, na aliyejua kuyaingiza ni Kioko mwenyewe, huko majini.

Tena driver ile ukiifungua kwa pupa, inaanza kwa reset. Moduli zote zinarudi sifuri. Ni yale yale.

"Bole bole," akawa anajiambia, jasho linamtoka puani. Akaiua ile programu iliyoganda bila kugusa kisanduku. Akafungua session mpya, akaiambia driver isifanye reset. Moduli ya tatu tu, akaipandishia kikomo. Akaifunga session. Hata siku hiyo aliifunga!

"Sema sasa, Mwende."

"Kioko usivuke! Laga imefurika! Rudi Modogashe!"

Nikaachia kitufe, sikio kwenye spika. Kisha: "Nimekupata. Nageuza gari. Mbona mlikuwa mmelala? Over."

Halima akakaa sakafuni akacheka mpaka buibui likajaa vumbi. Mimi nililia kama mtoto.

Baadaye akanivuta pembeni. "Ile session ni mimi niliiacha. Nilikimbilia chai. Usimwambie Kioko." Halima, mwenye sheria! Nikaapa, na nikanyamaza miaka yote hii. Alikula pilau harusini kwetu, akawabeba watoto wetu, na kila Kioko akimwita mkombozi wake alikuwa anaangalia chini.

Mwezi huu ugonjwa ulipomzidi akaniambia, "Mlete. Siwezi kwenda nalo."

Tukaenda hospitali wiki iliyopita, mimi na Kioko. Amekonda, mkono wake mwepesi kwenye mkono wangu. Akamwambia yote, polepole, hamtazami.

Kioko akamkodolea macho. "Wewe? Halima, mimi ndiye niliyemaliza kupima mwisho asubuhi ile! Niliondoka mbio, sikufunga. Miaka yote nimeogopa ungejua ungenichinja!"

Weee! Wote wawili! Walibishana kosa ni la nani kama watu wanaogombania kulipa chai. Halima alicheka mpaka muuguzi akaja kutufukuza. Mlangoni nikamsikia anashusha pumzi, "Alhamdulillah." Uso wake ulikuwa wa yule msichana wa karakana.

Siku chache tu baadaye akaondoka, usingizini, bila maumivu. Ndiyo maana nacheka, jamani. Nashukuru mno kwamba hatukusema tutakwenda wiki ijayo.

Abaayo, asante kwa mume wangu. Watoto wanne hawa wako hapa kwa sababu hukuzima kile kisanduku.

Kioko anakusalimia. Anasema kosa bado ni lake, na ukibisha mtamalizana mkikutana. Lala salama, Halima, lala kabisa. Hakuna aliyekukasirikia hata siku moja.