Paja Dirishani

Nesi wa ile zahanati ya mtu binafsi pale Mjimwema hubeba chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kila nyumba humtania awamiminie. "Chai hii inanywewa pajani," hujibu, huku ameficha viganja kwapani vipate joto kabla ya kumshika mtoto. Mdomo wake hauna breki, hata mbele ya padri. Bibi Eufrasia hampendi hata kidogo, na asubuhi ile mkwewe alipojifungulia nyumbani, alimzibia nesi mlango: kitovu hakijaanguka, mgeni haingii, mtoto hatoki.

"Shikamoo bibi. Mama yake tulimpima, ana virusi vya homa ya ini. Mtoto asipochomwa leo, anaweza kuishi navyo maisha yake yote. Kitovu bakini nacho. Mimi nipeni paja."

Safari hii hakucheka. Bibi alimtazama, akaingia ndani, akafungua dirisha la mbao, akapitisha mguu mmoja wa mjukuu wake. Sindano ikaingia, kilio kikafika barabarani, na majirani wakaja juu: mila imevunjwa!

"Mtoto hajatoka," bibi akawafokea. "Limetoka paja."